Shajara ya mradi: Daftari la Kemia Fizikia, Novemba hadi Julai

Novemba, wiki ya pili

Tumekubaliana kuanza. Kikundi ni watu wa mwaka wa tatu, wengine wa shahada ya sayansi na wengine wa ualimu. Wote tulisoma kozi ya kemia fizikia mwaka jana, na baadhi yetu tulitokea mlango wa sapu, mtihani wa marudio. Kazi tuliyojipa ni kukusanya yaliyowapata watu kwenye kozi ile, kuyaandika kwa Kiswahili, na kumpa mwanafunzi wa mwaka wa pili kitu cha kushika mkononi kabla ya tesiti ya kwanza. Chuo hatukitaji. Prof hatumtaji, wala lile jina la utani ambalo kila mwaka unaurithisha mwaka unaofuata. Anayelijua analijua.

Kozi yenyewe, kwa asiyeijua: termodinamiki, msawazo wa awamu, kinetiki na elektrokemia, vyote ndani ya semista moja, na maabara juu yake. Kozi weki, yaani kazi za semista, alama 40; UE, mtihani wa mwisho wa semista, alama 60. Mihadhara ni ya Kiingereza na mtihani ni wa Kiingereza. Lakini usiku geto, karatasi zimetandazwa kitandani na mtu kasimama anachora ukutani kwa chaki, sijawahi kusikia watu wakigombana kuhusu entropi, kile kipimo cha mtawanyiko wa nishati, kwa Kiingereza. Daftari litaandikwa kwa lugha ya ugomvi.

Walioko kwenye kozi sasa hivi ndio watakaolijaribu. CR wao, kiongozi wa darasa, amekubali kwa sharti moja, kwamba tusiwapelekee maneno ya kutia moyo. Anasema ya kutia moyo wameshapewa ya kutosha na kila mtu aliyewatisha. Nimempenda huyu dogo.

Novemba, mwishoni

Tulianza kwa njia rahisi, tukawaomba waliopita wasimulie. Wamesimulia! Tuna kurasa na kurasa. Kuna yule anayesema Prof hatoi A. Ukimuuliza amejuaje, aliambiwa na kaka mmoja aliyemaliza kabla yake, na yule kaka naye aliambiwa. Kuna hadithi ya kipanga wa darasa aliyelala maktaba semista nzima kisha akadisko, yaani akaondolewa chuo kwa kufeli, na hadithi hii inasimuliwa na miaka mitatu tofauti, kila mwaka ukidai kipanga alikuwa wao. Kuna dada aliyerudishiwa ripoti ya maabara yenye alama moja tu ya wino mwekundu, alama ya kuuliza, ukurasa wa kwanza, na hakuna zaidi. Hiyo naiamini, kwa sababu amekuja na ripoti yenyewe.

Nimezisoma zote kwa mfululizo jana. Zinachangamsha, na mtu akizisoma hatalala. Lakini hakuna hata moja ambayo ingemwongezea msomaji nusu alama. Nasema zaidi: nadhani hadithi hizi ni sehemu ya ugumu wa kozi. Mtu anaingia ukumbini siku ya kwanza akiwa ameshashindwa, anakaa nyuma, anapiga picha ubao kwa simu, anaondoka.

Kwa hiyo tumebadili swali. Sasa tunasema: lete karatasi yako ya tesiti, nionyeshe mahali kalamu iliposimama.

Desemba, wiki ya kwanza

Karatasi zinakuja. Watu wanatunza tesiti walizofeli kuliko vyeti vya kuzaliwa. Tumezimwaga sakafuni kwa mwenzetu anayeishi nje ya kampasi, tukazigawa mafungu kwa jinsi alama zilivyopotea.

Swali lililoangusha wengi ni la gesi inayoachiwa itanuke kwenye uwazi. Moli moja ya gesi kamilifu iko upande mmoja wa chombo, upande wa pili hakuna kitu, na chombo chote kimefungwa joto lisiingie wala lisitoke. Kizuizi cha kati kinaondolewa, ujazo unakuwa mara mbili. Tafuta kazi, joto, badiliko la nishati ya ndani, na badiliko la entropi.

Vitatu vya kwanza ni sifuri na karibu kila mtu kavipata. Gesi haina inachosukuma, kwa hiyo kazi hakuna; joto limezibiwa njia; nishati ya ndani imebaki ilivyo, na kwa gesi kamilifu maana yake jotoridi limebaki pale pale. Kisha entropi: sifuri, sifuri, sifuri, karatasi baada ya karatasi. Wamekariri kwamba badiliko la entropi ni joto gawanya kwa jotoridi, joto ni sifuri, basi biashara imekwisha. Jibu ni R, thabiti ya gesi, mara logi asilia ya 2, yaani 8.314 mara 0.693, karibu jouli 5.76 kwa kelvini. Kanuni waliyokariri ina sharti, nalo ndilo lililobaki ukumbini: joto linalohesabiwa pale ni la njia inayorudika, na gesi hii haikupita njia hiyo. Inabidi ubuni njia nyingine ya polepole, yenye mwanzo ule ule na mwisho ule ule, uhesabu kwenye hiyo. Unaruhusiwa kufanya hivyo kwa sababu entropi haijali ulipitia wapi, inajali ulikotoka na ulikofika.

Nimekaa na karatasi hizi mpaka nikaona kitu ambacho hadithi zote za Novemba hazikukisema. Prof hatungi maswali magumu kihesabu. Hesabu ya swali hili ni mstari mmoja, mtoto wa kidato cha sita anaimaliza. Anachofanya ni kuchukua kanuni ambayo darasa zima linaijua na kuuliza mahali ambapo sharti lake halipo. Anayesoma kwa madesa, ile mihtasari ya kunakiliana, hana kinga hapo, maana desa hunakili kanuni na kuacha sharti. Nafasi haitoshi, au aliyenakili alikuwa na usingizi.

Desemba, kabla ya likizo

Fungu la vipimo. Hili linachekesha na linauma. R ni 8.314 ukiwa kwenye jouli, na ni 0.08206 ukiwa kwenye lita na atmosfia. Kuna jamaa alihesabu kazi ya gesi inayotanuka akapata lita-atmosfia, akaenda moja kwa moja kuijumlisha na joto lililokuwa kwenye jouli. Lita-atmosfia moja ni jouli 101.3, kwa hiyo kazi yake ilikuwa ndogo kuliko inavyotakiwa kwa takriban mara mia. Kila hatua nyingine aliifanya sawasawa. Mwingine aliambiwa jotoridi limepanda toka nyuzi 25 hadi 50 za Selsiasi akaandika kwamba limeongezeka mara mbili. Kwa kelvini ni toka 298 hadi 323. Halijaongezeka hata kwa sehemu moja ya kumi.

Fungu kubwa kuliko yote ni la d iliyopinda, alama ya ∂. Ndivyo tunavyoiita sote, na wala haihitaji jina lingine. Prof huanza kuitumia wiki ya tatu: nishati hii ikibadilika kwa kuangalia ujazo, jotoridi likiwa limeshikiliwa, ile ikibadilika kwa kuangalia jotoridi, kanieneo ikiwa imeshikiliwa. Ratiba ya idara inaleta hisabati ya vigeu vingi semista ya pili. Yaani mwanafunzi anakutana na alama hiyo kwenye kemia miezi kadhaa kabla hajafundishwa maana yake kwenye hisabati. Hili si kosa la mwanafunzi. Kwa maoni yangu si la Prof pia, ila yeye ana kiti kwenye vikao vya idara na sisi hatuna.

Tumeandika sura fupi ya d iliyopinda, tumeiweka mwanzo wa daftari, kabla ya termodinamiki yenyewe. Inaanza na mama ntilie: faida yake inategemea bei ya mchele na idadi ya wateja, shikilia wateja wasibadilike, sogeza bei ya mchele kidogo, uone faida imesogea kiasi gani. Kisha shikilia bei, sogeza wateja. Hizo ni d mbili tofauti na ni lazima useme umeshikilia nini, la sivyo namba yako haina maana. Baada ya hapo tunamwacha mama ntilie apike, tunahamia kwenye gesi.

Januari, wiki ya pili

Tumekwenda ofisini kwa Prof. Tulijadili sana kama twende au tusiende. Hoja ya kwenda ilishinda kwa sababu daftari lingemfikia tu, na ni heri alipate kutoka kwetu.

"Shikamoo Prof."

"Marahaba. Karibuni, kaeni. Mmefeli nini?"

Tukamwambia kozi yake tumeshafaulu mwaka jana. Akatutazama juu ya miwani. "Sasa hapa mnatafuta nini?"

Tukampa kurasa. Akazisoma tukiwa tumekaa pale pale, penseli mkononi, bila kusema neno, kwa muda ambao ulitosha kila mmoja wetu kujutia kuja. Alichoandika pembezoni ni kidogo. Kwenye swali la gesi alipigia mstari neno "polepole" akaandika: polepole kiasi gani? Ameshika pabaya kweli. Njia inayorudika si ya polepole tu, ni ile ambayo kila hatua mfumo uko kwenye msawazo, kiasi kwamba ukisukuma kidogo upande wa pili unarudi ulikotoka. Tumerekebisha.

Kisha akakuta ukurasa wa utangulizi ambako mmoja wetu alikuwa amemmwagia sifa. Akaupiga mstari wote. "Mmesema mmeondoa matusi. Ondoeni na sifa."

Ametupa sharti na amekataa ombi. Sharti: kila swali lililotatuliwa lianze na sentensi kamili, isiyo na alama yoyote ya hesabu, inayosema kitu gani kinabadilika na kitu gani kimeshikiliwa. Anasema akisahihisha husoma sentensi hiyo kwanza, na mwanafunzi asipoiandika huitafuta kwenye hesabu zake, na mara nyingi haimo. Ombi tulilokataliwa ni majibu ya pasti pepa, mitihani ya miaka iliyopita. Hapo hakutaka hata mjadala.

Tulimweleza pia lalamiko linalojirudia kwenye karatasi zote: tesiti ya kwanza hurudishwa wakati tesiti ya pili imeshafanyika, kwa hiyo mtu hurudia kosa asilojua kuwa ni kosa. Akasema anasahihisha peke yake na darasa halitoshi kwenye ukumbi mmoja. Ni kweli, tumeliona rundo limepangwa mpaka dirishani. Tumeandika maelezo yake kwenye daftari kama alivyoyasema, na lalamiko letu tumeliacha chini yake, maana mwanafunzi anayefeli kwa kuchelewa kwa karatasi hafarijiki kwa kujua sababu.

Tukiwa tunanyanyuka akatuuliza kama tunajua Arrhenius, yule mkemia wa Uswidi, alipata daraja gani. Tasnifu yake ya udaktari pale Uppsala, mwaka 1884, ilipewa daraja la chini kiasi cha kumharibia njia ya kufundisha chuoni. Wakubwa wake hawakulipenda wazo kwamba chumvi ikiyeyuka majini huwa imeshagawanyika kuwa ayoni. Mwaka 1903 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa wazo hilo hilo. "Lakini ninyi," akasema, "mkiandika upuuzi ni sapu tu."

Nilicheka mpaka ngazini.

Januari, mwishoni

Ugomvi wa ndani. Mwenye steshenari ya karibu na geti amesikia habari zetu na anataka tumwachie faili alitoe nakala, auze, tugawane. Wawili kati yetu wanataka. Bumu, hela ya mkopo wa wanafunzi, limechelewa na hela ni hela. Wengine tunasema likishakuwa desa la dukani litapunguzwa kurasa ili liwe rahisi, na kitakachopunguzwa kwanza ni zile sentensi za Prof. Tumefikia hapa: litatolewa kwa bei ya kurudufu tu, na yeyote akitaka faili tunampa bure. Mwenye steshenari amenuna lakini ametupa punguzo.

Februari, wiki ya kwanza

Maabara. Nilitaka kuiruka kwenye daftari, CR akakataa. Anasema ripoti ndizo zinazowala usiku, na kweli.

Jaribio linalowasumbua ni la methili asetati na maji ndani ya asidi. Mmenyuko unaenda taratibu. Kila baada ya muda unachota kiasi kidogo kwa pipeti, unakimwaga kwenye maji ya barafu, unatitri haraka kwa sodiamu haidroksidi mpaka rangi ya waridi ya fenofthalini isimame. Unapata namba, unachora logi dhidi ya muda, mteremko wa mstari ndio thabiti ya kasi. Kwenye karatasi ni jambo la mchana mmoja.

Umeme ukikatika, beseni la kutunza jotoridi linapoa na kila kitu kinapinda. Barafu ya maabara ikiisha watu wanakimbia getini kununua barafu ya mfuko. Wengi wamekuwa wakiandika "barafu" kwenye ripoti bila kusema ni ya nini, na hapo ndipo ile alama ya kuuliza ya wino mwekundu hutokea. Barafu ipo ili kuzima mmenyuko: maji mengi yanazimua asidi, baridi inapunguza kasi. Ukitaka kuona nguvu ya baridi, chukua mmenyuko ambao nishati yake ya kuuanzisha ni karibu kilojouli 53 kwa moli. Toka nyuzi 25 hadi 35 kasi yake inakuwa takriban mara mbili. Shuka sasa toka 30 hadi karibu na sifuri, uhesabu mwenyewe. Ndiyo maana mtu anayechelewa kutitri huku glasi yake haina barafu hupata mstari uliojikunja kama umelewa, kisha analaumu kemikali zimeisha muda.

Tumeweka pia ukurasa wa nini cha kuandika umeme ukikatika katikati. Jibu: andika kwamba umekatika, andika saa, andika jotoridi la beseni lilishuka hadi ngapi, uendelee. Watu hufuta namba mbaya na kubuni nzuri. Prof huzijua namba zilizobuniwa kwa sababu zinakaa kwenye mstari kupita kiasi.

Februari, mwishoni: UE imepita

Nilisimama nje ya ukumbi wakitoka. Nyuso za kawaida za siku ile.

Swali la mwisho, la lazima, lilikuwa la mtungi wa gesi. Familia moja Tanga, nyingine Njombe, mitungi imejazwa mchanganyiko ule ule wa propani na butani. Mwezi wa saba, wa Njombe analalamika moto umefifia na mtungi bado mzito. Wa Tanga hana shida. Eleza. Kisha tumia takwimu ulizopewa.

Hakuna pasti pepa yenye swali hili, na daftari letu halina. Lakini kila kitu cha kulijibu kilifundishwa. Kwenye nyuzi 25, propani safi ina presha ya mvuke ya karibu atmosfia 9.4, butani karibu 2.4. Kimiminika kikiwa nusu kwa nusu kwa moli, kwa sheria ya Raoult, kila kimoja kinachangia presha kwa kadiri ya sehemu yake ya moli, propani inachangia 4.7 na butani 1.2, jumla 5.9. Kwa hiyo mvuke unaotoka kwenda kwenye jiko ni propani kwa karibu asilimia 80, ingawa kimiminika ni asilimia 50. Kila siku unayopika unatoa propani zaidi ya butani, na kinachobaki chini kinazidi kuwa butani. Butani huchemka kwenye nyuzi 0.5 chini ya sifuri, propani kwenye 42 chini ya sifuri. Usiku wa Njombe wa mwezi wa saba unazikaribia nyuzi hizo za butani kuliko Tanga inavyoweza kuota. Ongeza na hili: kimiminika kikigeuka mvuke kinachukua joto kutoka kwenye mtungi wenyewe, unazidi kupoa. Gesi ipo, presha haipo.

Ni swali zuri sana. Nalisema kama mtu ambaye angelilia ndani ya ukumbi.

Wale waliokuwa wakikutana na sisi walikuwa wakibishana nje kama waanze na Raoult au na joto la kuvukiza. Sikusikia mtu akisema hakujua pa kuanzia. Wa nje ya kikundi nao wapo waliolijibu vizuri. Kuna binti wa Makete aliyesema nyumbani kwao mtungi huwekwa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, akaeleza kwa nini, akamaliza. Yeye hakuhitaji daftari.

Aprili

Matokeo yametoka. Watu wananiomba asilimia: waliotumia daftari wamefaulu wangapi, wasiotumia wangapi. Siiandiki. Waliokuja kwetu walijileta wenyewe, na anayejileta kusoma Jumamosi asubuhi hafanani na darasa zima hata kabla hujampa karatasi. Mtu akitaka kuandika bango la "daftari linafaulisha" aandike lake.

Ninachoweza kuandika ni maoni waliyotuletea baadaye. Ukurasa uliochakaa kuliko yote ni wa vipimo, ule wenye thamani mbili za R na lita-atmosfia. Sura ya d iliyopinda wameisoma mara moja wakaielewa wakaiacha, na hilo ndilo tulilotaka. Na lalamiko zito kuliko yote limetoka kwa kijana aliyepata sapu. Anasema daftari lina maneno mengi na kila swali lina jibu lake chini, kwa hiyo alikuwa akisoma, anaitikia kichwa, anageuza ukurasa. Siku ya UE ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa na swali peke yake.

Amesema kweli tupu. Tumemwomba ajiunge na kikundi.

Juni

Kazi ya mwezi huu: maswali yasiyo na majibu. Yeye ndiye anayeyasimamia, na ni mkali kuliko Prof. Swali lolote linalofanana na la kitabuni analirudisha.

Lililopita bila kupingwa ni la maharage ya Mbeya. Mji uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni karibu 0.82 ya ile ya pwani. Joto la kuvukiza maji ni kilojouli 40.7 kwa moli. Maji yanachemka kwenye nyuzi ngapi, na shangazi yako wa Mbeya ana haki ya kusema kuni za Dar zinaivisha haraka? Kwa mlingano wa Clausius na Clapeyron, unaounganisha kanieneo na jotoridi la kuchemka, unapata karibu nyuzi 94.4. Nyuzi tano na ushee zinaonekana si kitu, ila kuiva kwa harage ni mmenyuko, na mmenyuko una kasi, na hapo mwanafunzi analazimika kutoka kwenye msawazo kwenda kwenye kinetiki bila kuambiwa. Sehemu ya pili inapeleka sufuria kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, ambako kanieneo ni chini kidogo ya nusu na maji yanachemka kwenye nyuzi 80 hivi. Nimetaja jibu hapa kwa kuwa shajara haitagawiwa. Kwenye daftari kuna nafasi tupu.

Kulikuwa na mjadala kuhusu Mpemba. Mtu mmoja alitaka aweke swali la maji ya moto kuganda kabla ya baridi, kwa heshima ya Erasto Mpemba aliyeliona kwenye maziwa ya aisikrimu akiwa Magamba sekondari mwaka 1963, akachekwa darasani, akaja kulichapisha na Denis Osborne wa chuo kikuu Dar es Salaam mwaka 1969. Nilipinga. Sipingi habari yenyewe, naipenda. Ila watafiti wanabishana mpaka leo kama jambo hilo hutokea kwa uhakika na kwa sababu gani, na swali ambalo mtunzi hana jibu lake ni la semina, huwezi kumpa mtu anayejiandaa kwa sapu. Tumeliweka mwisho kabisa, ukurasa wa peke yake, bila namba, likisema tu: panga jaribio. Utashikilia nini kisibadilike?

Julai

Hali ilivyo. Sura za d iliyopinda, termodinamiki, msawazo wa awamu na maabara zimekamilika na zimepitiwa. Ya kinetiki imerudi kutoka kwa Prof jana na penseli yake, ukurasa wa tatu, pale tuliposema mmenyuko wa daraja la kwanza una nusu-maisha, muda wa nusu ya kitu kuisha, isiyobadilika, ameandika "sharti?" Tumekubaliana ni jotoridi, kwamba likishikiliwa tu ndipo nusu-maisha inabaki ile ile, na sentensi inaandikwa upya kesho.

Elektrokemia bado. Tuna seli ya zinki na shaba yenye volti 1.10, tuna mlingano wa Nernst, unaounganisha volti na ukolezi, na tuna mabishano ya alama za kutoa na kujumlisha ambayo hayajaisha tangu wiki jana. Aliyepewa sura hii amepata mafunzo kwa vitendo mkoani, anatuma kurasa kwa simu, nyingine zimepigwa picha zikiwa zimeinama. Wanaorudi kufanya sapu wanahitaji nakala kabla ya mwisho wa Agosti, kwa hiyo isipokamilika wiki mbili zijazo tutarudufu bila hiyo na kuitoa peke yake baadaye.

Barua kwa idara kuhusu ratiba ya hisabati imeandikwa. CR wa mwaka wa pili ameisaini, wa mwaka wa tatu ameisaini, na Prof, tulipompelekea nakala kwa taarifa tu, amechukua kalamu akaisaini chini yetu.